Taka ikipata mnunuzi si taka tena

Na Mwandishi Wetu

ASUBUHI moja ya Julai, baridi ikiwa kali kule Limuru, mjomba wangu aliamka saa kumi alfajiri kama ilivyo desturi yake, akapakia magunia ya kabeji na karoti kwenye pikapu yake ya dizeli, akaketi kwenye usukani na kuzungusha ufunguo. Gari lilikohoa mara mbili, likatoa moshi mweupe, kisha likanyamaza. Alijaribu tena na tena mpaka betri ikaisha nguvu. Jua lilipochomoza, wateja wake katika soko la Wakulima jijini Nairobi walikuwa wamekwisha kununua kabeji za watu wengine.

Fundi alipoitwa na kufungua filta ya mafuta, alikuta ute mzito wa manjano mithili ya samli iliyoganda.

"Mzee, hapa ndani ulitia nini?" akauliza.

Mjomba hakuficha. Kwa wiki tatu alikuwa akipewa bure mafuta machafu na mwenye kibanda cha chipsi kilicho karibu na soko. Aliyachuja kwa kitambaa, akayachanganya nusu kwa nusu na dizeli, akayamimina kwenye tangi. Alikuwa amesikia redioni kwamba huko ng'ambo kuna watu wanaoendesha magari kwa mafuta ya kupikia. Na kusema kweli, gari lilikuwa likienda! Tena kila lilipopanda mlima lilikuwa likinukia chipsi.

Harufu hiyo ilimtoka puani. Pampu na nozeli zote nne zilibidi zifunguliwe na kusafishwa, na pikapu ikalala gereji siku kumi na moja huku kabeji zikioza shambani. Nilipokwenda kumpa pole, aliniambia: "Mpwa wangu, wewe unayeandika magazetini, hebu nichunguzie jambo moja. Yule wa redioni alinidanganya, au mimi ndiye niliyekosea?"

Makala haya ni jibu langu kwa mjomba, na pia kwako wewe msomaji ambaye labda umewahi kuitazama bei ya mafuta kwenye kituo cha petroli, kisha ukayatazama mapipa ya taka yaliyofurika mtaani mwako, na kujiuliza kama hakuna njia ya kuyakutanisha mambo hayo mawili.

Kwa ufupi, mjomba hakudanganywa. Taka zinaweza kuendesha gari, na zimefanya hivyo kwa miaka mingi, hata hapa kwetu Kenya. Yeye alifanya makosa mawili. La kwanza ni la kemia: aliruka hatua moja. La pili ni la biashara, na limewahi kufanywa hata na serikali na makampuni makubwa: alidhani kwamba kitu kinachotupwa leo kitaendelea kuwa cha bure kesho.

KARANGA MJINI PARIS

Injini ya dizeli ilipewa jina la mvumbuzi wake, Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Injini yake ya kwanza iliyofanya kazi barabara ilikamilika mwaka 1897 katika mji wa Augsburg. Miaka mitatu baadaye, katika maonyesho makubwa ya kimataifa yaliyofanyika Paris mwaka 1900, injini moja ndogo ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ilinguruma vizuri hivi kwamba watazamaji wengi hawakutambua kuwa haikuwa ikitumia mafuta ya kawaida.

Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo lifanywe. Ilikuwa ikifikiria makoloni yake ya Afrika, yaliyokuwa na karanga tele, na jinsi ambavyo yangeweza kuendesha mitambo bila kuagiza makaa ya mawe wala mafuta kutoka mbali.

Sasa utauliza, ikiwa injini ilikubali mafuta ya karanga mwaka 1900, mbona pikapu ya mjomba ilikataa mafuta ya chipsi?

Sababu ni uzito. Mafuta yatokanayo na mimea ni mazito mara kumi hivi kuliko dizeli. Tangu siku za Diesel, injini zimeundwa upya mara nyingi ili zitumie dizeli nyepesi itokayo kwenye petroli ghafi. Nozeli za injini zina vitundu vyembamba kuliko tundu la sindano, na kazi yake ni kunyunyiza dizeli iwe kama ukungu ili ishike moto mara moja na kuungua yote. Mafuta mazito hayatoki kama ukungu, bali hutoka kama matone. Matone hayo hayaungui yote, na yanayobaki hugeuka masizi magumu yanayoziba nozeli na kukwamisha ringi za pistoni.

Isitoshe, mafuta mengi tunayokaangia humu nchini hutokana na michikichi, na kila mama wa nyumbani anajua jinsi mafuta hayo yanavyoganda asubuhi ya baridi. Mombasa, pengine pikapu ya mjomba ingevumilia miezi kadhaa kabla ya kuharibika. Limuru mwezi wa Julai, haikuwa na bahati hiyo.

HATUA ALIYORUKA MJOMBA

Dawa ya uzito huo ilipatikana zamani, na ina uhusiano na jirani zetu wa Kongo. Mwaka 1937, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Brussels nchini Ubelgiji aliyeitwa G. Chavanne alisajili uvumbuzi wa kuyafanya mafuta ya mawese, ambayo Wabelgiji waliyapata kwa wingi Kongo, yawe mepesi kama dizeli. Mwaka uliofuata, basi la abiria lilifanya safari kati ya Brussels na Louvain likitumia mafuta hayo.

Ili kuelewa kazi hiyo, wazia uma wa kulia chakula wenye meno matatu. Hivyo ndivyo ilivyo chembe ya mafuta ya kupikia. Mpini ni kitu kiitwacho gliserini, na meno matatu ni asidi za mafuta zilizoshikamana nao. Uma mzima ni mkubwa, hupita kwa shida. Lakini ukiyakata meno, kila moja likabaki peke yake, yatapita kwa urahisi. Kazi ya mtambo wa biodizeli ni kuukata uma huo.

Kinachokata ni alkoholi iitwayo methanoli, ikisaidiwa na kostiki soda, ile ile wanayotumia watengenezaji wa sabuni. Kwanza mafuta machafu huchujwa ili kuondoa makombo, kisha hupashwa moto ili maji yatoke. Halafu hupimwa ukali wake, kwa sababu mafuta yaliyokaanga mara nyingi huwa na asidi iliyokwisha kuachana na gliserini, na asidi hiyo ikikutana na kostiki soda hutoa sabuni badala ya biodizeli. Baada ya hapo mafuta hutiwa methanoli iliyochanganywa na kostiki soda, yakakorogwa kwa muda wa saa moja hivi katika joto la nyuzi 55 hadi 60, kisha yakaachwa yatulie.

Kesho yake utaona tabaka mbili. Chini kuna gliserini nzito yenye rangi ya kahawia, na juu biodizeli ya rangi ya asali. Gliserini huondolewa, na biodizeli huoshwa kwa maji na kukaushwa. Kwa kawaida lita 100 za mafuta zikitiwa lita 20 hivi za methanoli hutoa karibu lita 100 za biodizeli, na gliserini takriban sehemu moja kwa kumi.

Biodizeli iliyotengenezwa sawasawa huweza kuchanganywa na dizeli ya kawaida. Nguvu yake kwa kila lita ni pungufu kidogo, na inaweza kulainisha na kuharibu mipira ya zamani inayopitisha mafuta. Aidha, huosha uchafu uliokuwa umeganda ndani ya tangi kwa miaka mingi, ndiyo sababu filta huziba mara kwa mara katika siku za mwanzo.

Hapa ni lazima niwaonye wanafunzi wanaotafuta mradi wa maonyesho ya sayansi. Methanoli si kitu cha kuchezewa jikoni. Ni sumu hiyo hiyo iliyoua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi mnamo Novemba 2000 baada ya kutiwa ndani ya pombe haramu, na wengine wakapofuka. Hushika moto upesi, na mvuke wake hudhuru hata kwa kuvutwa puani. Kostiki soda nayo huchoma ngozi na macho. Kazi hii ni ya maabara, mwalimu akiwepo, madirisha yakiwa wazi na kila mmoja akiwa amevaa miwani na glavu.

SEHEMU MOJA YA KUMI KUTOKA MUHORONI

Mjomba aliposikia maelezo hayo alitikisa kichwa na kusema, "Wazungu hao wana akili." Nikamwambia, "Mjomba, mbona wewe mwenyewe uliwahi kuendesha gari kwa taka humu humu Nairobi, na hukujua?"

Msomaji ambaye ulikuwa ukiendesha gari la petroli jijini katika miaka ya 1980 huenda unalikumbuka neno gasoholi. Pengine hukuuliza maana yake. Ulijaza tangi ukaenda zako. Lakini sehemu moja kwa kumi ya ulichokinunua haikutoka Uarabuni. Ilitoka Muhoroni.

Kiwanda cha sukari kinapokamua miwa na kuichemsha sharubati yake, sukari huganda na kutengwa. Kinachobaki ni uji mweusi, mzito na mtamu unaoitwa molasi. Viwanda vilikuwa na molasi nyingi kuliko vilivyohitaji. Mwaka 1978 iliundwa kampuni ya Agro-Chemical and Food, nayo ikajenga kiwanda Muhoroni, katikati ya mashamba ya miwa, ili kuugeuza uji huo kuwa alkoholi.

Kazi yenyewe haina mwujiza. Molasi huzimuliwa kwa maji na kutiwa hamira. Hamira hula sukari na kutoa alkoholi pamoja na hewa ya kaboni, sawasawa na inavyouumua unga wa mandazi nyumbani kwako. Na kwa hakika kiwanda hicho hicho hutengeneza pia hamira ya mikate. Baadaye mchanganyiko huo huchemshwa na mvuke wake kupozwa, kama wafanyavyo wapika chang'aa, lakini kwa mitambo mirefu ya chuma. Alkoholi ya gari ni lazima iondolewe maji karibu yote, kwa kuwa yakibaki hutengana na petroli ndani ya tangi na gari huzima njiani. Tani moja ya molasi hutoa takriban lita 250 za alkoholi.

Tangu mwaka 1983 hadi takriban mwaka 1993, magari ya Nairobi yalikunywa mchanganyiko huo, sehemu tisa petroli na sehemu moja alkoholi. Hayakulalamika. Injini ya petroli hukubali kiasi hicho bila kubadilishwa chochote. Hata hivyo, mradi ulikufa.

Uliuawa na hesabu. Ulikuwa umebuniwa katika miaka ya 1970, wakati bei ya mafuta duniani ilipopanda ghafla mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Mwaka 1986 bei hiyo ilianguka, na petroli ya kuagizwa ikawa nafuu. Bei ya gasoholi ilipangwa na serikali, na makampuni ya mafuta hayakuona faida ya kujisumbua kuichanganya. Wakati huo huo, alkoholi ilikuwa na wanunuzi wengine: watengenezaji wa vileo, viwanda vya dawa na vipodozi, na wateja wa nchi jirani. Wafugaji nao waliitaka molasi kwa ng'ombe wao. Ule uji uliokuwa hauna pa kumwagwa ulikuwa sasa unagombaniwa, na gari likawa mteja anayelipa kidogo kuliko wote.

Linganisha na Malawi. Nchi hiyo ilianza kuchanganya petroli na alkoholi ya molasi mwaka 1982 kutoka kiwanda cha Dwangwa, na iliendelea na kazi hiyo kwa miaka mingi baada ya sisi kuacha. Malawi haina bahari. Kila lita ya petroli inayoingia huko husafirishwa mamia ya kilomita kupitia nchi za watu wengine, na gharama hiyo huifanya alkoholi ya nyumbani iwe na thamani kubwa kuliko ilivyokuwa kwetu sisi wenye bandari ya Mombasa. Taka ni ile ile, elimu ni ile ile, lakini hesabu ni tofauti.

BASI LA NAMBARI MBILI

Je, na zile taka nyingine, maganda ya ndizi, ugali uliolala, mboga zilizooza sokoni, na hata kinyesi? Hizo nazo zina nguvu ndani yake.

Mnamo Novemba 2014, Waingereza wa mji wa Bristol walishuhudia basi la viti 40 likipita barabarani likiwa limechorwa ubavuni watu waliokaa msalani. Basi hilo lilikuwa likiendeshwa kwa gesi iliyotokana na maji machafu ya vyoo na mabaki ya vyakula vya wakazi wa eneo hilo. Tangi lake likijaa liliweza kwenda umbali wa kilomita 300. Mwaka 2015 lilipewa kazi kwenye njia ya nambari 2, na Waingereza, ambao kwao "nambari mbili" ni jina la heshima la haja kubwa, walicheka sana.

Huko Sweden, mji wa Linköping ulianza katika miaka ya 1990 kuendesha mabasi yake kwa gesi iliyotokana na matumbo na mabaki mengine ya vichinjio, na mwaka 2005 ukaendesha hata gari moshi. Na nchini India, mji wa Indore ulifungua mnamo Februari 2022 mtambo wenye uwezo wa kupokea tani 550 za taka mbichi kila siku na kuzigeuza gesi ya kuendeshea mabasi.

Gesi hiyo hutengenezwa na vijidudu visivyopenda hewa. Taka mbichi hufungiwa ndani ya tangi lisilopitisha hewa, vijidudu vikala na kutoa gesi, kama vile tumbo la ng'ombe linavyofanya. Takriban sehemu sita kwa kumi za gesi hiyo ni methani, ambayo huwaka, na karibu yote iliyobaki ni hewa ya kaboni, ambayo haiwaki. Kuna pia kiasi kidogo cha hewa yenye harufu ya mayai viza, na hiyo hula vyuma. Kwa kupikia, gesi hiyo hutumiwa karibu ilivyo, na wakulima wengi wa Kenya wenye ng'ombe wanaifahamu. Lakini kwa gari ni lazima isafishwe ibaki methani karibu tupu, kisha ishindiliwe kwenye mitungi ya chuma kizito kwa nguvu ipatayo mara mia ya upepo ulio ndani ya gurudumu la gari dogo. Mita moja ya ujazo ya gesi iliyosafishwa humpeleka dereva umbali ambao angekwenda kwa lita moja ya petroli.

Basi kwa nini hatufanyi hivyo katika jaa la Dandora, ambalo limekuwa likipokea taka za Nairobi tangu miaka ya 1970? Zaidi ya nusu ya taka za jiji letu ni maganda na mabaki ya vyakula, chakula kizuri sana kwa vijidudu. Tatizo ni kwamba maganda hayo hufika Dandora yakiwa yamechanganyika na vioo, betri, nepi, sindano na plastiki. Tangi la gesi ni tumbo. Nani amlishaye ng'ombe wake betri?

Indore ilifaulu kwa sababu wakazi walifundishwa, na pia kulazimishwa, kuzitenga taka zao mlangoni kabla gari la taka halijafika. Sheria ya Kenya ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 nayo inataka tuzitenge. Lakini sheria haichambui taka. Wanaochambua hadi sasa ni wale akina mama na vijana wa Dandora, kwa mikono yao mitupu.

PLASTIKI NAYO?

Wasomaji wengi wanajua kwamba plastiki hutengenezwa kutokana na petroli, kwa hiyo huuliza kama haiwezi kurudishwa ilikotoka. Inaweza. Plastiki za aina ya mitungi ya mafuta, vifuniko vya chupa na mifuko zikipashwa joto la nyuzi 400 hadi 500 ndani ya chombo kisichoingiza hewa, haziungui bali huvunjika na kuwa mvuke. Mvuke huo ukipozwa hugeuka mafuta. Kilo moja ya plastiki safi hutoa chini kidogo ya lita moja.

Lakini si plastiki zote. Zile za mabomba ya maji na nyaya za umeme hutoa asidi kali ya klorini inayokula mtambo na mapafu. Chupa za soda hazitoi mafuta ya maana. Na hata mafuta mazuri yanayopatikana ni mchanganyiko wa petroli, mafuta ya taa, dizeli na nta, ambao ni sharti usafishwe tena kabla ya kuingia kwenye gari. Kuna vijana wenye bidii ambao hujaribu jambo hili nyuma ya nyumba kwa pipa na kuni. Nawasihi waache. Hewa ikipenya ndani ya pipa hilo likiwa na joto, hulipuka kama bomu.

BEI YA MAFUTA MACHAFU

Sasa turudi kwa mjomba. Baada ya kuelewa kosa lake la kwanza, alipata wazo. Alimfahamu mwalimu mmoja wa kemia aliyekuwa tayari kumsaidia kutengeneza biodizeli kwa njia iliyo salama. Walipiga hesabu ya methanoli na kostiki soda wakaona inawezekana. Mjomba akarudi kwa yule mwenye kibanda cha chipsi akiwa na mitungi mitatu mitupu ya lita 20.

"Mzee, siku hizi siyatoi bure," kijana alimwambia. "Kuna mtu huja na gari kila Ijumaa kuyanunua. Ukitaka, ongeza juu ya bei yake."

Hapo ndipo mjomba alipolitambua kosa lake la pili, ambalo ndilo lililoiua gasoholi. Taka ni taka mradi hakuna anayeitaka. Siku ikipata mnunuzi, inaacha kuwa taka na kuwa bidhaa, na bidhaa ina bei.

Na mafuta machafu ya kukaangia yamepata wanunuzi wa mbali. Kampuni ya mafuta ya Eni ya Italia, ambayo mwaka 2022 ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu katika Kaunti ya Makueni, ilianzisha pia mpango wa kukusanya mafuta yaliyotumika katika hoteli na mikahawa ya Nairobi, ili yapelekwe kwenye mtambo wake wa Gela, katika kisiwa cha Sicily. Mnamo Mei 2023 ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na mafuta ya kawaida yaliyochanganywa na kiasi cha mafuta ya kampuni hiyo yaliyotokana na mabaki. Ulaya imeweka sheria zinazowapa faida wanaotumia taka badala ya mafuta mapya, na kwa sababu hiyo bei ya mafuta machafu huko imepanda hadi wakati mwingine kuyashinda mafuta mapya ya mawese. Matokeo yake ni kioja: kumezuka shaka kwamba wafanyabiashara fulani duniani huchukua mafuta mapya na kuyauza kwa jina la machafu!

Je, ni jambo baya? La hasha. Kwa familia ya jijini, mnunuzi wa mafuta machafu ni kinga. Sote tunajua mafuta mengi yaliyokwisha kuwa meusi huishia wapi: huuzwa kwa bei ya chini kwa wakaangaji wengine, nao wakakaangia mandazi, samosa na mihogo ambayo watoto wetu hununua wakitoka shule. Kila lita inayoingia ndani ya injini ni lita isiyoingia ndani ya tumbo la mtoto.

Ni kinga pia kwa mabomba yetu. Mwaka 2017 mafundi wa maji taka jijini London walikuta chini ya mtaa wa Whitechapel bonge la mafuta yaliyoganda pamoja na taka nyingine, lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Lilijijenga kidogo kidogo kutokana na mafuta yaliyomwagwa kwenye masinki. Walilivunja kwa wiki kadhaa, na sehemu yake ikageuzwa biodizeli. Jijini Nairobi, ambako mabomba mengi yaliwekwa kwa ajili ya watu wachache kuliko waliopo, mtu asiulize ni nani anayeziba mtaro wa mtaa wake kabla ya kulitazama sinki lake.

TUANZIE JIKONI

Basi familia ifanye nini? Si lazima ununue mtambo. Mafuta yaliyokwisha kutumika yaache yapoe, uyachuje, uyatie kwenye chupa na kuifunga. Usiyamwage kwenye sinki, na usimpe mtu ambaye hujui anayapeleka wapi. Wakazi wa ploti moja au kanisa moja wakiweka mtungi mmoja wa pamoja, utajaa upesi, na mtungi uliojaa humvuta mnunuzi. Maganda na mabaki ya vyakula yawe na ndoo yake, plastiki iwe na gunia lake. Hata kama gari la taka la mtaani mwako bado huchanganya vyote, anayechambua jaani atapata kazi iliyo rahisi na salama zaidi.

Nanyi wanafunzi, msihangaike sana kutafuta kemikali mpya. Kemia hii ilikwisha kuvumbuliwa kabla babu zenu hawajaoa. Kinachosubiri akili zenu ni swali la mjomba wangu: taka itakusanywaje kwa gharama ndogo, itengwe na nani, na alipwe nani? Atakayelijibu swali hilo kwa mtaa mmoja wa Nairobi atakuwa amefanya jambo kubwa kuliko aliyetengeneza chupa moja ya biodizeli maabarani.

Mjomba bado anaamka saa kumi alfajiri, na pikapu yake inakunywa dizeli ya kituoni kama magari mengine. Lakini nilipomtembelea juzi nilikuta mlangoni mwa jiko mtungi wa lita 20 ukiwa umejaa nusu. Shangazi na majirani wanne humimina humo mafuta yao ya kukaangia. Nikamuuliza kama anataka kuliharibu gari tena.

"Hapana, mpwa wangu," alicheka. "Huu ukijaa, nitampelekea yule mtu wa Ijumaa. Safari hii mwenye bei ni mimi."